Marisau ya risasi yamekatazwa ziwani miaka mingi, mbona bata bado wanakufa kwa sumu ileile?

#1 Kidimbwi
Wakuu salaam. Siulizi kama risasi ni sumu, hilo lilishakwisha zamani.

Ninachouliza ni hiki. Marekani walikataza marisau ya risasi kwenye uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991. Uholanzi 1993. Denmark 1996, tena si ziwani tu bali kila mahali. England 1999. Umoja wa Ulaya ukafuata, na sheria yake ikaanza kubana 15 Februari 2023 kwenye ardhioevu za nchi zote wanachama. Hata mkataba wa AEWA, ule wa ndege wa majini wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, uliweka lengo kwamba kufikia mwaka 2000 marisau ya risasi yawe yametoka kwenye ardhioevu.

Na bado bata na swani wanaokotwa wamekonda, mabawa yanaburuza, mkundu umechafuka kijani. Ukipasua, firigisini unakuta chembe za risasi.

Dai langu: msiwasingizie wawindaji wa leo, mwizi wetu ni tope. Katriji moja ya gramu 32 ina chembe 150 hivi. Zinazompata ndege ni chache, na akikoswa ni sifuri. Nyingine zote zinaishia majini. Zidisha kwa misimu mia moja halafu mnipinge.

#2 Kombekombe
Nimeweka kambi. Ila mleta mada, "marisau ya risasi"? Lugha yetu imeyaita madini risasi na kinachotoka bundukini pia risasi. Sasa yakitengenezwa kwa chuma tuyaiteje, risasi isiyo na risasi?

#3 Wakili wa Ndege
#2 ndiyo maana neno marisau lipo, litumike. Marisau ni zile chembe ndogo za bunduki ya ndege, ziwe za risasi, chuma au bismuti.

#1, kosa lako ni kuzipanga tarehe hizo kama vile sheria zote zinafanana. Hazifanani hata kidogo. England waliandika kwa kufuata ndege na mahali: usimpige bata, bata bukini wala kuku wa majini kwa risasi, na usifyatue risasi pwani panapofunikwa na maji ya bamvua wala kwenye maeneo fulani ya hifadhi yaliyoorodheshwa. Lakini kununua, kuuza na kutembea nazo ni ruksa, maana fezanti wa shambani, ndege wa mawindo jamii ya kuku, anapigwa kwa risasi kihalali. Sasa mtu yuko shambani, mfukoni ana katriji za fezanti, bata wanapita juu ya kichwa. Unadhani atabadilisha katriji?

Denmark hawakuhangaika na hayo. Walikataza kutumia, kuuza na kumiliki. Huna kitu mfukoni, huna cha kufyatua.

#4 Firigisi
Kabla hamjafika mbali, niweke utaratibu wa sumu yenyewe, maana unaamua nani ana haki kwenye ubishi huu.

Bata hana meno. Anameza changarawe, zinakaa firigisini na kusaga punje. Chembe ya milimita 3 inafanana na changarawe, na inafanana na mbegu. Ikishaingia, misuli ya firigisi inaisugua na asidi inaiyeyusha. Ndani ya siku chache risasi iko kwenye damu. Inazuia kimeng'enya cha ALAD kinachohitajika kutengeneza damu, na inaharibu mishipa ya fahamu, ikiwemo inayosukuma chakula. Ndiyo maana unakuta bata amekufa kwa njaa huku sehemu ya tumbo iliyo juu ya firigisi imejaa chakula kilichoganda. Kidari kimebaki mfupa kama kisu.

Chembe 1 inaweza kutosha kumwua bata mdogo, na chembe kadhaa mara nyingi zinatosha kwa yeyote. Kwenye damu, juu ya mikrogramu 20 kwa desilita tunasema ndege ameguswa, juu ya 50 dalili zinatarajiwa.

La muhimu kwenu: chembe hazikai firigisini milele. Ndani ya wiki 3 hivi ama zimeyeyuka, ama zimetoka na kinyesi, ama ndege amekufa. Kwa hiyo chembe unayoikuta leo imemezwa mwezi huu.

#5 Tope la Chini
Imemezwa mwezi huu, sawa. Haimaanishi imefyatuliwa mwezi huu.

Namuunga mkono #1 kwa sharti moja: inategemea sakafu. Kwenye tope laini chembe inazama taratibu, na baada ya miaka kadhaa iko chini kuliko mdomo wa bata unavyofika. Kwenye udongo wa mfinyanzi mgumu, changarawe au mizizi iliyosukana, inakaa juu juu. Risasi kwenye udongo inajifunika ukoko mweupe wa kabonati na kuyeyuka polepole sana, kwa kipimo cha miongo na karne. Kwenye mboji yenye asidi inakwenda haraka zaidi.

Halafu kuna kina cha maji. Ziwa likiwa na maji mengi swani hafiki chini. Maji yakishuka sentimita 40, shingo inafika, na akiba yote ya miaka ya nyuma iko mezani.

Mfano wa kitabuni ni Judson Lake, mpakani mwa jimbo la Washington na British Columbia. Huko swani walikuwa wanakufa kwa mamia, miaka mingi baada ya marufuku. Kuanzia 2006 wakawa wanafukuzwa wasilale pale, na vifo vikapungua. Wawindaji walikuwa walewale na sheria ileile. Kilichobadilika ni kwamba ndege waliondolewa juu ya tope.

#6 Mzani wa Gramu
Mfano mzuri, ila ni ziwa moja. Tuangalie njia nzima ya uhamaji.

Kwenye Mto Mississippi walichunguza firigisi za bata baada ya marufuku, wakalinganisha waliomeza risasi na waliomeza chuma. Makadirio yao yalikuwa kwamba vifo vya bata wa malad kutokana na sumu vilipungua kwa asilimia 64, na kwamba mwaka 1997 pekee kwenye bata milioni 90 walioruka kusini, milioni 1.4 waliokolewa. Hiyo ni miaka 6 tu tangu 1991. Kama tope la zamani ndilo mkosaji mkuu, vifo visingeshuka haraka hivyo. Bata anaokota zaidi kilichodondoka karibuni, kikiwa bado juu.

Na nimsaidie Firigisi kwenye hoja ya wiki 3, kwa sababu watu wanaipuuza. Ukikuta asilimia 5 ya bata wana chembe firigisini, si kwamba asilimia 5 ndio wanaomeza kwa msimu. Hiyo ni picha ya wiki 3. Msimu wa wiki 18 una vipindi 6 vya namna hiyo, kila kimoja na wamezaji wapya. Halafu ndege mgonjwa hukamatwa kirahisi, kwa hiyo sampuli za wawindaji huwa na wagonjwa kupita kiasi. Sahihisho la kwanza linapandisha makadirio, la pili linashusha. Anayekupa asilimia bila kukuambia amesahihisha lipi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

#7 Tope la Chini
64 si 100. Ile 36 iliyobaki inatoka wapi?

#8 Wakili wa Ndege
Inatoka mfukoni, mkuu. England walinunua bata kwa wauzaji wa nyama ya mawindo, wakatoa chembe na kuzipima maabara. Misimu ya 2008/09 na 2009/10 asilimia 70 ya bata walikuwa wamepigwa kwa risasi, kinyume cha sheria. Wakarudia 2013/14: asilimia 77. Miaka 14 ya marufuku, na uvunjaji unapanda! Hapo huhitaji tope la babu.

Umoja wa Ulaya walijifunza. Kanuni yao haiangalii ndege, inaangalia mahali: usifyatue marisau yenye risasi asilimia 1 au zaidi ndani ya ardhioevu au ndani ya mita 100 kutoka ukingoni. Na usiyabebe ukiwa unawinda hapo au unakwenda kuwinda hapo. Ukikutwa ndani ya mita 100 ukiwa nayo kwenye shughuli za uwindaji, inachukuliwa unawinda ardhioevu mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Mzigo wa ushahidi umehama bega.

#9 Kombekombe
Na "ardhioevu" ni nini? Dimbwi la mvua njiani nalo ni ardhioevu?

#10 Wakili wa Ndege
Wametumia tafsiri ya Mkataba wa Ramsar, ambayo ni pana kweli: kinamasi, mboji, maji ya kudumu au ya muda, yanayotiririka au yaliyotuama, matamu au ya chumvi, mpaka bahari isiyozidi mita 6 wakati maji yamekupwa. Ya muda imo. Hapo ndipo mawakili watakapokula.

#11 Fundi Mtutu
Mnazungumzia mfukoni bila kuuliza kwa nini mtu anang'ang'ania risasi. Ni hofu ya bunduki, na nusu yake ni ya kweli. Nizichambue.

Hofu ya kwanza: chuma kitakwangua mtutu. Kingekwangua, kama kingegusa. Katriji ya chuma ina kikombe kinene cha plastiki kinachozibeba chembe mpaka nje ya mdomo. Tatizo ni pale mtu anapojaza mwenyewe akatumia kikombe chembamba cha risasi. Hapo mtutu unachorwa mistari, na haifutiki.

Hofu ya pili: choki, yaani mbano wa ndani karibu na mdomo wa mtutu. Chembe ya risasi ni laini, ikifika kwenye mbano inabonyea na kupita. Chuma hakibonyei. Chembe kubwa, choki kali, mwendo mkubwa, na ukuta mwembamba: unapata pete, uvimbe mdogo unaozunguka mtutu pale choki inapoanzia. Kuikagua, toa mtutu, elekeza kwenye dirisha lenye fremu nyeusi ya mlalo, angalia kivuli cha fremu ndani. Kivuli kikinyooka uko salama, kikipinda mahali kuna pete. Kwa nje pitisha vidole taratibu, pete huhisika kabla haijaonekana.

Hofu ya tatu: shinikizo. Katriji za chuma za kiwango cha kawaida, geji 12 chemba milimita 70, zina kikomo cha baa 740, sawa na za risasi. Zile za nguvu zinakwenda mpaka baa 1,050, na hizo zinataka bunduki iliyojaribiwa na kugongwa muhuri wa ua la yungiyungi. Zikiwa na chembe kubwa kuliko milimita 4, choki isizidi milimita 0.5, yaani nusu choki. Usibahatishe, pima kwa kipimo cha ndani.

Mitutu ya zamani ya chuma kilichosokotwa, ile yenye michoro kama mawimbi: usiweke chuma kabisa. Tumia bismuti, na hiyo pia baada ya fundi kuangalia.

#12 Sumaku
Kwa wanaosimamia kwenye kinamasi, jinsi ya kutambua bila maabara. Toa chembe 3 kwenye katriji au kwenye nyama.

Sumaku kwanza. Ikinasa kwa nguvu ni chuma, umemaliza. Ikinasa kidogo kwa uvivu, inaweza kuwa mchanganyiko wa tungsteni na chuma au nikeli. Isiponasa, weka juu ya kitu kigumu ugonge nyundo mara moja. Risasi inalala bapa kama chapati, nzima, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu. Bismuti inapasuka vipande. Tungsteni ngumu inaacha alama kwenye nyundo.

Angalizo: zipo chembe za risasi zilizopakwa nikeli au shaba. Ukiona inang'aa usiamini rangi, kata katikati kwa koleo.

#13 Kidimbwi
#11 na #12 asanteni, hii ndiyo JF (JamiiForums) ya zamani. Lakini Fundi, hujagusa hoja kubwa ya wawindaji: chuma ni chepesi, kinajeruhi badala ya kuua. Kama bata 10 wanaondoka na majeraha kumwokoa mmoja asile risasi, tumefanya nini?

#14 Mzani wa Gramu
Uzito hauna siri. Risasi ni gramu 11.3 kwa sentimita ya ujazo, bismuti ya marisau karibu 9.6, chuma 7.9, tungsteni tupu 19.3. Chembe namba 4 ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 3.3. Ya risasi ina gramu 0.21, ya chuma 0.15. Ukipiga kwa namba ileile umepoteza karibu theluthi ya uzito, na chembe nyepesi inaishiwa mwendo mapema. Hapo malalamiko ni ya haki.

Dawa ni kupanda saizi mbili (namba ikishuka, chembe inakua). Chuma namba 2, milimita 3.8, kina gramu 0.23. Umerudi ulipokuwa. Idadi kwenye gramu 32: namba 4 ya risasi 150 hivi, namba 2 ya chuma 140 hivi. Tofauti hiyo si ya kuua mjadala. Chuma kinatoka kikiwa duara, hakikubonyea, kwa hiyo kundi la chembe linakwenda limeshikana. Nusu choki ya chuma inakupa takriban kile choki kamili ilichokupa kwa risasi.

#15 Fundi Mtutu
Usimwamini Mzani wala mimi, piga karatasi. Karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2, umbali wa mita 35, lenga katikati, fyatua mara moja. Tafuta mahali chembe zilipojaa zaidi ndipo uchore duara la sentimita 75, si pale ulipolenga. Hesabu matundu, gawa kwa chembe za katriji. Rudia karatasi 5 kwa uchache, moja haikuambii kitu. Kwa bata mkubwa unataka kama 85 ndani ya duara. Zikiwa 98 kati ya 140, una asilimia 70, nenda. Zikiwa 60, badilisha choki au sogea karibu.

Mara nyingi utakuta kosa ni umbali. Watu wanafyatua mita 55 kwa makadirio ya macho, halafu lawama kwa chuma. Wangejeruhi hata kwa risasi.

#16 NdegeMhamaji
Texas walifanya jaribio kwa njiwa pori ambapo wawindaji hawakujua katriji ipi ina nini. Wenye risasi na wenye chuma hawakutofautiana kwa kuua, kujeruhi wala kukosa. Anayejua katriji aliyoweka ndiye anayeona tofauti, hehe.

Lakini ni njiwa, ndege mdogo, umbali mfupi. Kwa bata bukini mkubwa mbali, sitaki kusema limekwisha.

#17 Kombekombe
Sawa, tumetoa risasi ziwani, tumeweka vikombe vya plastiki vinavyoelea. Hongera zetu.

#18 Fundi Mtutu
Umegusa penyewe, hata kama ulikuwa unatania. Kila mfyatuo unaacha kikombe kimoja. Vipo vya plastiki inayoyeyuka majini, lakini kwenye maji baridi vinachelewa, na vikihifadhiwa penye unyevu vinalegea kabla ya kazi. Bismuti ina nafuu hapa, ni laini kiasi kwamba inaweza kutumia kizibo cha nyuzi au karatasi. Bei yake ndiyo inayowakimbiza.

Na katriji za chuma zisilowe. Maji yakiingia chembe zinashika kutu na kugandana kuwa donge. Donge likifika kwenye choki, tumerudi kwenye pete.

#19 NdegeMhamaji
Turudi kwenye swali. Wote mnazungumza kana kwamba bata anaishi ziwa moja. Bata bukini analala majini, mchana anakula mashambani kwenye mabaki ya mavuno, na huko marisau ya risasi mahali pengi ni halali. Shamba lililowindwa fezanti na kware miaka 50 lina chembe juu ya udongo, jembe linazifukia mwaka huu na kuzifukua mwaka ujao. Viwanja vya kulenga visahani navyo vingi vimejengwa kando ya mito. ECHA, wakala wa kemikali wa Ulaya, walikadiria tani 44,000 za risasi zinamwagwa kwenye mazingira kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni michezo ya kulenga, si uwindaji.

Kwa hiyo bata ameokotwa ziwani, sumu ameila shambani, pengine nchi ya tatu kutoka hapo. Ardhioevu inabeba lawama ya maiti tu.

#20 Wakili wa Ndege
#19 hiyo ndiyo hoja iliyowafanya wengi waseme marufuku ya nusu haifai. Norway walikataza yote 2005, wakalegeza nje ya ardhioevu 2015. Uingereza vyama vya wawindaji vilijipa miaka 5 kuanzia 2020 kuacha wenyewe bila sheria. Msimu wa 2024/25 fezanti waliopimwa, asilimia 99 walikuwa na risasi. Hiari hiyo!

#21 Tope la Chini
Na vizito vya risasi vya ndoana je? Mmevisahau. Swani wa Mto Thames hawakufa kwa marisau, walikufa kwa vizito vya mishipi.

#22 Firigisi
Kweli, na Uingereza walikataza vizito hivyo 1987, vya kati ya gramu 0.06 na 28.35, idadi ya swani ikapanda. Tofauti inaonekana kwenye eksirei: kizito cha ndoana mara nyingi kimepasuliwa upande mmoja pale kilipobanwa kwenye uzi, marisau hayana mpasuo. Kikishasagika sana, huwezi kuapa.

Nikiwa hapo nimrekebishe #1. Kusema "firigisini kuna chembe" hakutoshi. Ndege aliyepigwa anaweza kuwa na chembe iliyoingia kwa kupenya. Swani wa Bewick, ambao hawaruhusiwi kuwindwa, walipopigwa eksirei karibu theluthi moja walikuwa na marisau mwilini. Chembe iliyo kwenye msuli haiyeyuki kama iliyo firigisini, hakuna asidi wala kusaga.

Utaratibu: piga eksirei firigisi nzima kwanza, hesabu. Angalia ukuta wa nje, tafuta tundu au damu iliyovilia. Pasua, mimina yaliyomo kwenye beseni jeupe, osha juu ya chujio la milimita 1, zungusha polepole kama anayeosha dhahabu, chembe nzito hubaki chini. Iliyomezwa imelika, bapa kama dengu, laini pembeni. Iliyopenya ni duara au imebonyea upande, mara nyingine na unyoya umenasa. Piga eksirei tena firigisi tupu na yaliyooshwa, jumla zilingane. Halafu ini: juu ya miligramu 6 kwa kilo, uzito mbichi, ndipo uandike sumu ya risasi bila kigugumizi.

#23 TumbusiMpole
Nyote mko kwa bata, mla bata mmemsahau. Tai anamla bata mgonjwa pamoja na chembe zake, na anamla mnyama aliyepigwa kwa raifo. Risasi yenye kiini cha risasi ikigonga mfupa inatawanya vumbi na vipande vidogo sana kwenye nyama, mbali na njia ya jeraha. Mwindaji anaacha matumbo porini, na tumbusi wanafika ndani ya saa.

Utafiti uliotoka 2022 ulipima tai 1,210 kutoka majimbo 38 ya Marekani, karibu nusu walikuwa na sumu ya muda mrefu mifupani. Tai hao hawaokoti changarawe. Asidi ya tumbo lao ni kali, vipande hivyo vinayeyuka haraka. Kondori wa California, tumbusi wakubwa, walibaki 22 mwaka 1982, na risasi imekuwa muuaji wao mkubwa hata baada ya kurudishwa porini 1992. Ndiyo maana California tangu 1 Julai 2019 wanadai risasi zisizo na risasi kwa kila uwindaji, na Denmark wakafika kwenye raifo Aprili 2024.

#24 Kombekombe
"Risasi zisizo na risasi." Nilisema mimi kwenye #2, mkacheka.

#25 Fundi Mtutu
Kwa raifo unahamia shaba tupu. Kwa uzito uleule ni ndefu kuliko ya risasi, kwa hiyo inahitaji msokoto mkali wa mtutu ili isiyumbe. Shuka uzito kidogo badala ya kulazimisha. Sugua mtutu mpaka shaba ya zamani iishe kabla ya kupiga makundi ya kupima shabaha, la sivyo utadhani risasi ni mbaya. Na haifunguki vizuri ikishapungua mwendo, soma kikomo cha mtengenezaji.

#26 Kidimbwi
Narudi nyuma kidogo kwenye dai langu, ila siliachi. Tunawezaje kupima kama ni ya zamani au ya jana?

#27 Tope la Chini
Bomba la kipenyo cha sentimita 10, lisukume sentimita 30 chini, vuta, kata vipande vya sentimita 5. Sampuli 100 kwa bwawa, zimetawanywa kwa mistari, si pale unapopenda. Chuja kwa milimita 1, kausha, tandaza kwenye trei, piga eksirei trei nzima. Bomba hilo lina eneo la sentimita mraba 78.5, kwa hiyo chembe 1 kwa kila bomba ni 127 kwa mita ya mraba, zaidi ya milioni 1.2 kwa hekta. Kisha linganisha chuma na risasi kwenye sentimita 5 za juu. Wingi wa chuma maana yake sheria inafuatwa na risasi ni ya kale.

#28 Mzani wa Gramu
Chuma kinaoza kwa kutu, risasi haiozi. Baada ya miaka kadhaa uwiano wako utaonyesha risasi nyingi hata kama kila mtu alitii.

#29 Tope la Chini
Basi tazama ukoko. Chembe ya zamani ina ukoko mnene mweupe, ya msimu huu bado ina kijivu cha kung'aa.

#30 Firigisi
Hiyo ni kwa chembe ya topeni. Iliyo firigisini asidi imeshaula ukoko wote siku ya kwanza. Chembe ninayoiona mimi ni safi daima, iwe ya 1960 au ya jana asubuhi.

#31 Tope la Chini
Chukua tope la bwawa lilelile wiki moja kabla ya msimu na wiki moja baada ya kufungwa, sentimita 5 za juu tu, mistari ileile. Risasi ikiongezeka, Wakili ana haki. Isipoongezeka na bata wakaendelea kufa, nitakuja hapa kudai radhi.

#32 NdegeMhamaji
Na mashamba ya jirani? Bomba lako linaingia kwenye udongo mkavu?